Barua ya Aliyekula Mchana

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani mosi. Waliofuata mwezi wa Makka walianza jana, na mdogo wangu Nadra tokea asubuhi anawasema kama vile wamemwibia siku. Nimemwambia ashughulike na tambi zake. Kufunga huku unasengenya ni kujishindisha njaa bure.

Ofisini leo tulikuwa wawili tu, mie na Haitham. Haitham ndiye mwenye ukurasa wetu wa mtandaoni, Chujio, na umri wake ni wa mwanangu wa mwisho lau ningelijaaliwa. Alinichukua kwa sababu nilisoma barua za wasikilizaji redioni miaka mingi, mpaka nikawa nikishika bahasha najua huyu kaachwa, huyu anataka kuoa, huyu anajisemesha tu. Siku hizi bahasha hakuna. Lakini tokea vita vya Kongo kushtadi, na vijana wetu wako kule kulinda amani, simu za watu zimejaa barua: askari kamwandikia mama yake, askari kamwandikia mkewe. Nyengine za kweli. Nyingi watu wamekaa majumbani mwao wakazitunga, ama kuwaliza wenzao, ama kuwaibia. Kazi yangu Ramadhani hii ni kuzisoma na kuhukumu. Ya kweli inatiwa muhuri wa kijani. Ya uongo inatiwa muhuri mwekundu, SI YA KWELI, na chini yake naeleza kwa nini.

Kazi hii naipenda, wacha niseme.

Jumanne, 4 Machi

Barua nne, zote nyekundu. Mmoja kaandika anatetemeka kwa theluji ndani ya msitu wa ndizi.

Ijumaa, 7 Machi

Joto halisemeki. Mvua zinatishia kwa ngurumo tu. Haitham kaniuliza nnajuaje ya kweli na ya uongo. Nikamwambia ya uongo imekamilika. Inaanza na machozi, inakwisha na machozi, na kila mtu ndani yake anasema maneno mazuri. Ya kweli mwenyewe anaruka huku na huku, anaulizia mbuzi, anasahau alichotaka kusema. Kijana kaandika yote hayo kwenye simu yake. Nikajiona mwalimu.

Jumatatu, 10 Machi

Kichwa kinaniuma. Barua mbili nyekundu, moja kijani. Ya kijani ilikuwa ya askari anayelalamika kuhusu maharage, hana jengine.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimepata barua moja nikaimaliza kabla ya alasiri. Naieleza hapa kwa sababu nimependezwa na jinsi nilivyoikamata.

Ni picha ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono, haina jina la aliyeandika wala la anayeandikiwa. Inazunguka simu kwa simu tokea juzi. Inasema hivi:

*Mama, shikamoo. Mjomba atakusomea haya, namwomba asome taratibu. Mie mzima. Mvua huku haina saa. Mama, nimekula mchana. Najua msafiri ana ruhusa, lakini mie sikula kwa ruhusa, nilikula kwa njaa na khofu, na wala sikuhesabu ni siku ngapi. Nilikula ndizi kwenye shamba la mtu ambaye sijui kakimbilia wapi, sikuwa na wa kumwomba. Siku niliyoondoka ulinifungia mlango. Lakini viatu vyangu ulivitoa dirishani, nikajua hukutaka nende peku. Naomba radhi yako, mama. Kama huwezi kusema na mie, mpe mjomba neno moja anifikishie. Na mwani ukisharowa usinyanyue magunia peke yako.*

Watu wamelia. Nadra kalia juu ya sufuria ya uji. Mie nilisoma mara moja, nikarudi pale penye "nimekula mchana", nikasema hapa ndipo alipojifunga kamba mwenyewe. Nikaandika:

*Aliyetunga barua hii hajui siye ni watu gani. Kwa maneno ya mwani anataka tuamini ni mtu wa pwani ya kusini. Mtu wa huko hata akiwa mgonjwa wa kulazwa hula nyuma ya pazia, na akitoka keshafuta mdomo. Leo aketi, ashike kalamu, amwandikie mama yake mzazi kuwa kala mchana wa Ramadhani? Kwetu aibu husitiriwa, haiandikwi. Na hivyo viatu vya dirishani ni mambo ya tamthilia.*

Haitham kasoma, kakuna kichwa. "Bi Nadhira, si bora tumtafute huyo mama kwanza? Bwejuu, Paje, huko huko. Ukipiga simu mbili tatu tutampata."

"Hakuna wa kumtafuta," nikamwambia. "Huyo mama hayupo. Bibi yangu mzaa mama kazikwa Bwejuu, watu wa huko nawajua."

Tena saa tisa ilikuwa inakaribia, na maboga mazuri ya futari sokoni Darajani hayangoji mtu. Tukapiga muhuri mwekundu, nikashuka ngazi.

Jumanne, 18 Machi

Ile hukumu imesambaa kuliko barua yenyewe. Watu wananisifu kwa jina. Mmoja kaandika: "Huyu mama hadanganyiki." Nadra kanionesha, nami nikajifanya sikujali.

Alkhamisi, 20 Machi

Mvua ya kwanza. Bati la jikoni linavuja pale pale pa mwaka jana.

Jumatatu, 24 Machi

Chini ya hukumu yangu mtu kauliza: "Na kama ni ya kweli?" Hana jina, kaweka picha ya ua. Nilimjibu kuwa akitaka kulia bure kuna vitunguu sokoni. Watu wamecheka.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mvua kutwa. Watoto wa jirani wamekuja kuchukua pesa za sikukuu na nguo zao mpya zimerowa mpaka kiunoni. Tumekula vizuri, alhamdulillahi.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Barua zimepungua, watu wamechoka kulia. Haitham anataka nianze kupima dawa za kienyeji.

Jumatano, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi mvua ilikuwa inapiga, Mkunazini maji yanapita mpaka vizingitini. Nikasikia mtu anapanda ngazi polepole, anapumzika, anapanda. Akapiga hodi. Mzee mmoja mrefu, kanzu imerowa, kofia kaivua anaikamua mlangoni asije akatutia maji ndani.

"Shikamoo, mzee. Karibu upite."

"Marahaba, Bi. Naulizia panapopimwa barua."

Nikamwambia ndipo hapa. Nikamvutia kiti, Haitham akatoka kwenda kumtafutia chai. Mzee akasema anaitwa Mkubwa, anatoka Bwejuu. Akatoa simu kwenye mfuko wa plastiki, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akanionesha. Ilikuwa ile ile. Karatasi ile, na muhuri wangu mwekundu juu yake.

"Hii mliipima nyie?"

"Naam. Niliipima mie."

"Mlitumia mtambo gani?"

Sikumfahamu. Nikamwambia mtambo hatuna.

"Basi mlijuaje?"

"Nliisoma, mzee."

"Uliisoma tu?"

"Nliisoma."

 Haitham akaingia na chai, akaiweka, mzee akashukuru bila kuitazama. Kisha akasema, taratibu, wala hakuwa na hasira, na laiti angelikuwa nayo: "Siye tulidhani mna mtambo."

Akanieleza. Barua imeandikwa na Mudrik, mtoto wa dada yake Mwanapili. Mudrik alikuwa anatembeza wageni msitu wa Jozani, kuwaonesha kima punju, na mama yake alitaka abaki hapo hapo afe mzee. Kijana akataka jeshi. Mama akamwambia, ukitoka nje ya mlango huu usinitafute. Akatoka. Tokea hapo Mwanapili hapokei simu yake. Mwaka huu kijana akapelekwa Kongo, akaandika barua, akaipiga picha kwa simu ya mtu wa kule, akamtumia mjomba wake ili amwombee radhi kwa mama kama inavyoombwa, kwa mdomo wa mtu mzima, faragha. Lakini mzee Mkubwa macho hayamsaidii. Akairusha kwenye kundi la ukoo mtu amsomee, na kundi la ukoo lina watu wasiojuana. Kufika jioni barua ishatembea Unguja nzima.

"Viatu vile," akasema, "nlivipokea mie. Nlikuwa nimesimama nje ya dirisha na mfuko wake wa nguo. Mwanapili akavitoa kimoja kimoja, na uso kaugeuza upande."

Nikamuuliza, kwa nini hakusema?

"Nlitaka kusema. Halafu nikajiambia, watu wa mjini wamepima. Habari ya viatu kijiji kizima wanaijua na wanaichekea, huenda mtu kaichukua akatungia. Na namba yenyewe iliyoleta barua ni ya kigeni, na hii dunia ya matapeli. Nikaona labda nimezeeka." Akafungua simu tena. "Sasa juzi umekuja ujumbe huu, kwa namba ile ile."

Ulikuwa mstari mmoja: *Mjomba, mama kasemaje? Nangojea.*

"Basi na huu nipimie," akasema mzee. "Nikamwambie Mwanapili nini?"

 Mie niliyejibu watu kwa vitunguu nikampa mzee wa watu ahadi tu. Nilimwambia kesho nakuja Bwejuu mwenyewe. Akavaa kofia yake mbichi, akaniombea dua, akashuka. Aliniombea dua.

Chai hakuigusa.

Alkhamisi, 10 Aprili

Nimerudi sasa hivi, nguo sijabadilisha. Nadra kaniuliza kuna nini, nikamwambia aniache.

Njia nzima mvua. Jozani kima wamejikunyata kwenye matawi juu ya barabara, nikafikiria kijana aliyekuwa akiwaonesha wageni hao hao. Nikafikiria pia simu moja. Haitham alisema simu mbili tatu, lakini ingetosha moja, maana bintiammi wangu Bwejuu ana duka mkabala na msikiti, anamjua kila mtu. Nikakimbilia maboga.

Mwanapili nilimkuta uani chini ya banda la makuti, anachambua mwani. Mwani wenyewe umeharibika, maji ya mvua yameupiga, umekuwa mweupe unakatika mkononi. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mikono mikubwa. Mzee Mkubwa alikaa kwenye kigoda pembeni.

"Karibu, Bi. Nani mwenzetu?"

"Naitwa Nadhira. Mie ndiye niliyesema barua si ya kweli."

Hakusimamisha mikono. Alichambua, akatupa, akachambua. Nikamwambia yote: sikuuliza mtu, sikupiga simu, nilikaa kitini nikajitia ujuzi. Nikamwambia barua ni ya mwanawe na kijana anangojea jawabu.

"Leo unasema kweli," akasema. "Siku ile ulisema uongo. Nikuamini lini?"

"Usiniamini mie. Mwamini kaka yako. Viatu kavipokea yeye."

Akamtazama Mkubwa. Mzee akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo mikono ilipotulia.

"Kaka aliponieleza maneno ya barua nlilia," akasema. "Nlikuwa nshaweka neno langu tayari. Nilisema nikishaftari nitamwambia aniwekee sauti yangu kwenye simu, nimpe mwanangu radhi yake. Akaja jirani hapa na maneno yako. Kuwa mtoto wa kwetu hawezi kumwambia mama yake kala. Nikasema, kumbe. Nilitaka kujibu matapeli." Akafuta uso kwa mkono wenye mchanga. "Na nikwambie, Bi Nadhira, nlifurahi. Nlikuamini upesi kwa sababu nlitaka iwe hivyo. Nlitaka iwe wangu hakula."

 Yale niliyoyaandika kwa kujisifu, mwenzangu kayashika kama dawa.

Mkubwa akafungua simu. Akamwonesha pa kusemea, akashikilia kwa kidole chake mwenyewe. Mwanapili akasogea, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anamwita mtu aliye chumba cha pili:

"Mudrik. Ni mama yako. Radhi zangu unazo, duniani na akhera. Ulichokula umekula, Mungu anaijua njaa yako. Magunia nanyanyua na Sichana, usitie moyo wasiwasi. Rudi salama."

Akaachia. Mkubwa akanipa simu nione kama imekwenda. Imekwenda. Ina alama moja ya kijivu, ile ya kuwa imetoka huku na haijafika kule. Nikawaambia huko mtandao wa taabu, itafika.

Mwanapili alinipa ndizi mbivu za njiani. Sikuweza kuzikataa na sikuweza kuzila. Ziko mezani hapa.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimempigia mzee Mkubwa. Alama moja.

Jumamosi, 12 Aprili

Moja. Mvua.

Jumatatu, 14 Aprili

Mzee kanipigia mwenyewe kabla sijampigia. Bado moja. Aliniuliza kama ile sauti inaweza kupotea njiani. Nilimwambia haipotei, inangoja. Haitham kaniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ndiyo.

Alkhamisi, 17 Aprili

Moja.

Jumamosi, 19 Aprili

Wamekuja. Gari ya jeshi, maofisa wawili wenye adabu. Walimkuta Mwanapili yumo majini kwenye mwani, maji yanatoka. Mmoja akavua viatu akaingia mpaka magotini kumwita. Mkubwa ananambia dada yake alimtazama yule ofisa, akajua, akamwambia angoje amalize kamba aliyoishika. Wakangoja. Akamaliza kuifunga, akatoka.

Kulikuwa na mashambulizi, kambi yao ilipigwa. Mudrik na wenzake wawili.

Nikamuuliza Mkubwa lini. Nilijua sitaki kuambiwa, na nikauliza.

"Wanasema Jumatano. Tarehe tisa, asubuhi."

Jumatano tarehe tisa asubuhi mzee huyu alikuwa amekaa mbele yangu na kofia yake mbichi, na mie nikamwambia kesho. Sauti ya mama ilitoka Alkhamisi. Mwanamke kakaa na radhi ya mwanawe mdomoni tokea katikati ya Ramadhani, tokea jioni ile ya tarehe kumi na saba, na kilichomzuia kuitoa ni mie, na muhuri, na boga.

Nimelia leo, kilio cha mtu mkubwa. Nadra kaja kunishika mabega, hajui nnamlilia nani, kalia na yeye.

Alkhamisi, 24 Aprili

Wamemzika Bwejuu. Sanduku lilikuja limefungwa, halikufunguliwa. Nilikaa na wanawake ndani, nikasoma juzuu yangu kama wengine. Hakuna aliyenijua. Mwanapili alinijua. Nilipomshika mkono kumpa pole alinivuta sikio karibu na mdomo wake, nikadhani ananifukuza, na haki yake. Kumbe kauliza: "Imefika?"

Nikamwambia haijafika.

Akaniachia, akampokea aliye nyuma yangu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemwambia Haitham kila kitu. Kijana kakaa, kajishika kichwa. Sikutegemea, kwa kuwa kwake ukurasa ndio mtoto wake, lakini hakujitetea wala hakunitupia mie lawama. Kaandika papo hapo: *Tulikosea. Barua tuliyoitia muhuri mwekundu ni ya kweli. Aliyeiandika amefariki. Tunaiomba radhi familia yake.* Nikaona kifua changu kimepata nafasi kidogo. Nikamwambia asiyatoe mpaka nimwambie mama mwenyewe, safari hii simu napiga.

Nilipiga. Mwanapili akanisikiliza mpaka mwisho.

"Msiandike," akasema.

Nikamwambia ni haki yake. Nikamwambia watu walicheka, na wajue walimcheka nani.

"Bi Nadhira, hebu fikiri. Sasa hivi Bwejuu nzima wanasema barua ile ya matapeli, na Mudrik shahidi, Mungu amrehemu. Mkisema ya kweli, mmesema kala. Mchana, Ramadhani, ndizi za watu. Kila atakayemrehemu atalikumbuka na hilo. Aliniambia mie, hakuwaambia wao."

"Lakini ni uongo, Bi Mwanapili. Nliandika uongo."

"Naujua. Ukae huo huo. Uongo wako ndio sitara yake."

Haitham kafuta maneno yake. Muhuri mwekundu uko pale pale, na sifa zangu chini yake. Yule wa picha ya ua naye yuko pale na swali lake, na mimi na vitunguu vyangu. Nilitaka kuvifuta hivyo walau. Haitham kaniambia nikivifuta watu watauliza kwa nini.

Jumapili, 4 Mei

Mvua inapungua. Barua mbili zimeletwa. Nimeomba nisipime. Nimepima dawa ya kuotesha nywele.

Jumatano, 14 Mei

Simu ya Bwejuu. Niliogopa kuipokea, nikaipokea.

Mwanapili kasema amemuuliza sheikh. Sheikh kamwambia maiti mwenye deni la saumu anaweza kufungiwa na walii wake, mtu wa damu yake, na walii akitaka anaweza kumpa idhini mtu mwengine amfungie pia. Basi yeye ameshaanza, Jumatatu na Alkhamisi.

"Na ni siku ngapi?" nikauliza, nikajuta papo hapo.

"Hakuhesabu. Na mie sihesabu. Ntafunga mpaka moyo useme basi. Zile ndizi sina la kufanya, mwenyewe simjui, namwachia Mungu." Tena akasema, "Alkhamisi ya wiki ijayo sitoweza, wananipeleka hospitali kwa mgongo. Magunia. Sichana alisafiri nikayanyanyua."

Nilidhani ameniambia tu, kama watu wanavyoambiana maradhi. Nikamwombea shifaa.

"Siku hiyo chukua weye," akasema. "Nakupa idhini."

 Mie niliyekuwa nasoma mbele ya kisiwa kizima sikutoa hata sauti ya kuitikia. Akauliza kama nipo. Nikasema naam.

Alkhamisi, 22 Mei

Jana kabla ya kulala nilitia nia. Jina la baba yake sikuliuliza, nikasema namfungia Mudrik wa Mwanapili, kwa idhini ya mama yake, naamini Mungu anamjua kwa hilo.

Asubuhi jua kali, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Mkunazini wameanika kila kitu, mpaka magodoro. Ofisini Haitham kanionesha ile barua imerudi tena. Mtu wa Pemba kairusha upya na muhuri wangu juu yake, kaandika: "Oneni watu wasivyo na haya, kutungia askari uongo." Chini watu wanacheka. Mmoja kaniuliza kwa jina, Bi Nadhira, bado unasimama na hukumu yako? Nilikaa na lile swali muda mrefu. Kisha nikaandika: *Bado.*

Saa nne Haitham kaniletea chai ya maziwa na kitumbua, kama kila siku. Vikapoa mbele yangu.

"Mbona hunywi, Bi Nadhira?"

"Nshakunywa nyumbani."

Akaniamini pale pale. Akavichukua akala yeye.

Magharibi nilikaa uani na gilasi ya maji na tende. Nadra hakuniuliza nnafunga nini mwezi huu, na simu niliizima. Adhana ilipoanza nilisema, Ya Rabbi, hii ni ya Mudrik, si yangu. Kisha nikanywa maji.